Sufuria la Jirani Nililopikia Nguruwe

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Jina langu niachieni. Nawaambia ninyi kwa sababu mume wangu amechoka kunisikiliza.

Mimi ni Mkenya, napika kwa mzee mmoja Mwingereza hapa Maskati. Jirani yangu ni bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja. Tangu tuhamie mtaani kwake aliniita mwanangu. Kila Ijumaa aliniletea bakuli la chakula, na mimi sikulirudisha tupu hata siku moja: leo chapati, kesho maandazi. Mama nilimwacha kwetu, hapa nikapata mwingine!

Siku moja mzee wangu akaniomba chakula cha mashambani kwao. Miguu, ulimi na moyo wa nguruwe huchemshwa mpaka nyama iachie mifupa. Unaichambua, unairudishia supu yake nzito, ikipoa inaganda, inakatwa vipande vya kuliwa na mkate. Alikuwa na wageni kumi na wawili, na mkewe hataki harufu ile jikoni kwake. Nikasema nitapikia kwangu. Nyama nikainunua supamaketi, kwenye kile chumba cha pembeni cha wasio Waislamu.

Sufuria zangu zote ndogo. Lakini sufuria kubwa la bibi lilikuwa kwangu, nililiazima kupikia pilau ya ubatizo wa mwanangu. Nikaliangalia weee! Nikajiambia, sabuni ipo, maji yapo, nani atajua?

Wageni walikula wakaomba tena. Mimi nikasugua sufuria mpaka likang'aa, nikatia maandazi ndani, nikalirudisha. Bibi akaniombea dua. Wiki ile ile akalipikia bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, la khitma, kisomo cha kumwombea marehemu mumewe. Nilikuwepo! Niliona wazee wa watu wakilamba vidole.

Miezi ikapita. Kisha bibi akaja kuniaga anakwenda Makka, na kwa desturi yao anayekwenda huko huwaomba radhi majirani.

"Nisamehe mwanangu, kama nlikukosea kwa neno. Nnakwenda, sijui kama ntarudi."

Yeye ananiomba radhi mimi! Nikapiga magoti, nikamwaga yote.

"Bibi, mimi ndiye nimekukosea. Lile sufuria lako nililipikia nguruwe."

Alikaa kitako, akanitazama.

"Ungenambia siku ile ile, ningeliosha kama dini ilivyotufunza, yakaisha. Umenyamaza mpaka nikawalisha watu kwenye khitma ya mume wangu! Wallahi nnakusamehe, maana nnakwenda kwa Mola. Lakini sikujui tena wewe nani."

Alirudi salama. Ijumaa bado ananiletea chakula, maana jirani ana haki yake. Ila siku hizi kinakuja kwenye boksi la plastiki la kutupa, na anayelileta ni mjukuu wake. Akishanipa, huyo, hasubiri.

Ndugu msomaji, ukiharibu cha mtu, sema siku hiyo hiyo, hata ulimi ukitetemeka! Usijidanganye kwa sabuni kama mimi mjinga.

Ijumaa iliyopita nilikaanga maandazi kwa mazoea. Nikasimama nayo jikoni, bakuli la kuyarudishia sina.