Siku Niliyokataa Neno "Mazingira"

Nilikuwa nasoma falsafa chuoni Dallas, na siku ambazo sina darasa nilifanya ukalimani wa Kiswahili na Kiingereza. Jioni moja niliitwa Grand Prairie, mji wa jirani, kwenye mkutano wa wakazi. Kampuni fulani ilitaka kujenga kiwanda cha kusaga zege kuukuu nyuma ya apatimenti zao. Wengi wao walikuwa Wakongo wanaofanya kazi kwenye maghala.

Ofisa wa kampuni aliongea kwa upole. Mazingira yatalindwa, alisema. Athari kwa mazingira ni ndogo. Nilitafsiri kama nilivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza, na watu wakasikiliza wameegemea viti, kana kwamba habari ile ni ya mtaa mwingine.

Mama mmoja wa makamo kutoka Kivu akasimama. "Ile mazingira munasema, sisi tuko ndani yake ao tuko inje?"

Nikamtafsiria ofisa. Akajibu kwamba afya ya wakazi ina idara yake. Pale, alisema, walikuwa wanajadili hewa, maji na udongo.

"Hewa gani?" mama akauliza. "Mimi navuta ingine?"

Darasani tulikuwa tumebishana muhula mzima juu ya binadamu aliyejitoa katika maumbile ili ayatawale. Huyu mama hakujitoa. Alikuwa anatolewa, na sauti iliyokuwa ikimtoa ni yangu.

Kuanzia hapo, kila mara ofisa alipotaja mazingira, mimi nilisema "ninyi." Ninyi mtalindwa. Athari kwenu ni ndogo. Vumbi litakaloingia ndani yenu litakuwa la kiwango kinachokubalika.

Viti vikaanza kusogea. "Nani alikubali?" mtu akauliza kutoka nyuma, na wengine wakafuata.

Msimamizi wa wakalimani, Mkenya, akanisogelea. "Dada, tafsiri vile amesema."

"Nimetafsiri."

"Hajasema ninyi."

"Basi muulize alimaanisha nani."

Hakumuuliza. Sikuitwa tena kwa kazi ile, wala sijaomba radhi. Kiwanda hakijajengwa, shauri lake bado linavutwa huku na huku, na sijui litaishaje.

Mkutano uliofuata nilikwenda bila kuitwa. Yule mama akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni ili nikae. "Leo sema ya kwako, mtoto yangu."

Nikasema, tena kwa Kiswahili, na watu wa kampuni wakalazimika kutafuta wa kunitafsiria.