Mstari Mwekundu wa Baba

Mjukuu wangu akifungua kichupa cha rangi ya kucha, ile harufu ikinifikia tu, simwoni tena yeye. Namwona baba yangu, mtu mzima mwenye kipara na miwani, ameinamia mtambo wake, brashi ndogo ya mama mkononi, ulimi nje, anachora mstari mwekundu.

Ilikuwa Mbeya, miaka ya hamsini, nyuma ya duka letu la kutengeneza saa. Baba alikuwa amepata leseni ya kurusha sauti yake hewani. Si ya utangazaji, msije mkamkuza bure. Ni ya wale wapenzi wa redio wanaozungumza wao kwa wao. Karatasi ya leseni ilimtajia kipande cha masafa alichoruhusiwa, kinapoanzia na kinapoishia. Nje ya hapo ni kwa wenyewe, na yeye marufuku. Ndiyo maana akaiba rangi ya mama, akachora mistari miwili kwenye uso wa mtambo, mmoja kila mwisho. Mimi, binti yake wa miaka minane, nikateuliwa kulinda mshale wa masafa usivuke.

Kila Jumapili baada ya chakula nilikaa kwenye stuli nimetoa macho, hata kupepesa naogopa. Baba alimwita rafiki yake wa Iringa, na wakishapatana hawakuwa na la maana: huku mvua, huko baridi, huku mvua bado. Katikati ya kipande chake palijaa kelele za watu, kwa hiyo alipenda kuuegesha mshale mwishoni kabisa, juu ya mstari wenyewe, palipokuwa patulivu.

"Umevuka?"

"Haujavuka, Baba."

Nilijiona askari.

Kisha ikaja barua ya waliotoa leseni. Sauti ya baba imesikika nje ya mpaka wake, na ikisikika tena leseni itachukuliwa. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Halafu akanitazama mimi.

"Zarina, umechezea hiki kidude cha kuzungushia?"

Niliapa. Hakuniamini. Alinitoa kwenye stuli, akaufunika mtambo kwa shuka, na kwa siku kadhaa saa za dukani zilisema kuliko yeye. Nilijificha chooni nikalia. Iliniuma kuitwa mwongo, na iliniuma zaidi kumwona yeye bila Iringa yake.

Hasira zake zikaangukia maboga. Jirani yetu wa nyuma, Mama Tusekile, Mnyakyusa mwenye shamba lililopakana na ua wetu, alikuwa ameyapanda ukingoni, nayo yakatambaa chini ya ua hadi kwenye mlingoti wa waya wa baba wa kurushia sauti. Asubuhi moja baba akatoka na kanzu yake ya kulalia na Kiswahili chake cha dukani, nami nyuma yake.

"Mama Tusekile! Hii maboga yako imeingia kwangu!"

"Ugonile, Baba Zarina," akajibu taratibu, maana kwake salamu hairukwi hata kwa ugomvi. "Mimi nimepanda kwangu. Njoo uone shina, liko huku."

"Shina liko huko, lakini imetambaa! Kwa nini umepanda mpakani kabisa? Si ungerudi ndani kidogo, ipate pa kutambalia?"

Baba akajishika kipara, akarudia peke yake, "Mpakani kabisa." Mama Tusekile akanitazama kama anayeuliza iwapo baba yangu ni mzima. Baba akageuka, akaingia ndani nusura akimbie, akavuta shuka.

Mshale haukuwa umevuka kamwe. Ila sauti ya mtu ina upana. Ikirushwa hutambaa kulia na kushoto kwa mshale, na anayeegesha juu ya mstari, nusu ya maneno yake yameshaingia kwa jirani.

Akaniita, akanipa kichupa. "Chora mingine, ndani ya hii. Acha upana wa kidole."

Nikachora, mmoja ukapinda. Habari za barua na za kidude hakuzitaja. Alinirudishia stuli, akamwita Iringa, akamwambia mvua bado. Maboga nayo hayakung'olewa. Tuliyala mpaka tukayachoka.

Siku ile nilidhani amenipa kazi tu. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba baba yangu, ambaye hakujua kumwomba mtoto radhi, alikuwa ananiomba. Ule mstari wangu uliopinda hakuunyoosha maisha yake yote, na hakuuvuka.