Kambo alichezea prezida wa katuni

Leo kambo yangu, mama ya mama yangu, alicheza mbele ya prezida mwenye kuvaa pampers, na baba mukwe yangu iko anaangalia.

Musicheke bado.

Baba ya fiancé yangu alifika kwetu, mu komini ya Kenya, mara ya kwanza, na kravati. Iko mushauri wa waziri moja. Nilishaomba kila muntu akae vizuri.

Lakini batoto balishafungula télé, ku ile katuni yenye kuonyesha bakubwa ba inchi sawa batoto badogo ba shule ya gardienne.

Prezida akaanguka chini, analilia biskuti. Mawaziri nabo bakaanza kulia.

Tukasikia kiti. Kambo amesimama.

Akafunga kitenge, akainua mikono, akaimba na kutikisa kiuno. Mbele ya chai ya mugeni.

Wakati wa Zaire, kambo alikuwa mu kikundi cha animation ku kiwanda ya shaba. Mukubwa akifika, bamama banaacha kazi, banamuimbia na kumuchezea mpaka afurahi.

Baba mukwe akauliza polepole: "Mama, huyu ni mutoto tu. Unamuchezea nini?"

"Hata ule prezida wetu wa Zaire alikuwa mutoto, baba. Tulikuwa tunacheza ili asilie."

Na ku télé, prezida akanyamaza. Naapa.

Mi nikaona ndoa yangu inapotea. Mungekuwa miye, mungekimbilia wapi?

Baba mukwe akalegeza kravati, akainama karibu na kambo.

"Mama, kesho asubuhi unaweza kufika ku biro ya waziri wetu?"