Goti Nililouziwa Ndani ya Basi

Ligi yetu ya kwenye simu ilikuwa na timu nane, zote za wauza viatu vya mtumba hapa Dodoma na majirani wa meza zao. Unachagua wachezaji wa kweli wa Ulaya. Wakifunga huko, unapata pointi huku, umekaa na kahawa yako. Sisi tuliongeza sheria moja: mchezaji akishachukuliwa na mmoja, wengine hawampati mpaka wakubaliane na mwenyewe kubadilishana. Yaani tulichukua mchezo wa kupumzisha akili tukaufanya mnada.

Mshambuliaji aliyekuwa akifunga kuliko wote alikuwa mali ya mwenzangu wa meza. Yeye ni Mgogo wa Makole, mimi ni wa Kondoa, na kwa desturi tuliyorithi sisi ni watani. Maana yake anaweza kunitukana mbele ya wateja na mimi siruhusiwi kununa. Alikuwa akiwaambia watu kwamba kwetu mgeni anahesabiwa matonge. Mimi nilikuwa namuuliza kama mlenda wa jana umeisha au mwingine kauhifadhi kwenye ndevu. Wateja walidhani tunagombana, wakawa wanatuamua, na mtu akishaamua ugomvi wako anaona aibu kuondoka bila kiatu.

Tulikuwa tumechoka jua. Tulipata fremu ya duka Nzuguni, ya mama mmoja mtu mzima, akakubali tusaini mkataba pamoja mwisho wa mwezi. Marobota nilihesabu mara mbili, chenji mara mbili, hata kamba za viatu. Mgao wangu na wa mtani nilihesabu mara moja, na siku nyingine niliutia mfukoni hivyohivyo.

Ijumaa moja nilikuwa kwenye basi natoka Kondoa kumsalimia mama. Bando la intaneti lilikuwa limekwisha tangu jana yake, nikamwambia mtani kabisa kwamba akinitaka apige kawaida. Akapiga.

"Mtani, unamtaka mshambuliaji wangu?"

"Unaumwa?"

"Niletee kipa na viungo wako wawili."

"Kipa na kiungo mmoja. Huyo mwingine niachie, nina watoto."

"Haya, chukua."

Hakuvuta hata pumzi. Mimi ndiye ninayejua, kuliko mteja yeyote aliyewahi kusimama mbele yangu, kwamba muuzaji akikubali bei ya kwanza unageuza kiatu utazame soli. Sikugeuza. Nilikaa nikitabasamu dirishani hadi mama wa kiti cha pili akaniuliza kama nyumbani wamejifungua salama.

Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja mezani. Nilikuta mkeka umetandikwa chini, juu yake boksi la viatu limefunikwa khanga. Wenzetu watatu wa ligi wamekaa wameshika tama. Mtani mwenyewe kajitanda khanga kichwani kama mfiwa, akanipa mkono wa pole.

"Jikaze, mtani. Goti limetutoka."

Ndani ya boksi kulikuwa na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Mmoja wao akanisogezea simu yake. Kano ya goti la mshambuliaji ilikuwa imechanika mazoezini asubuhi ileile; msimu wake umekwisha.

"Ulikuwa unajua?" nilimuuliza mtani.

"Kabla hujapanda basi."

"Na bando langu?"

"Si uliniambia mwenyewe?"

Watu walicheka hadi muuza kahawa akaweka birika chini. Nami nilicheka. Desturi inataka ucheke, na nilicheka kwa sauti ya kutosha wanisikie. Nilipomwomba pembeni turudishiane wachezaji, alinyoosha kidole kwenye kibao cha meza yetu, chenye mwandiko wangu mimi: Mali ikiuzwa hairudishwi.

"Utani huu, bwana. Usianze kununa."

Wiki zilizofuata niligeuka daktari wa goti. Kabla ya kufungua robota nilifungua simu kuona kama kijana ameanza kukunja mguu. Nilimwona na magongo, nikamwona kwenye baiskeli isiyokwenda popote, anatabasamu, analipwa. Nilijaribu kumuuza kwa bei ya hasara. Kila niliyemfuata aliniuliza kwanza kama nina kiatu cha kulia. Kumtoa kikosini nilikataa, kwa kiburi tu, nikabaki na mtu mmoja pungufu, na timu yangu ikaporomoka kutoka ya pili hadi ya saba. Ya nane ilikuwa ya fundi mmoja aliyesahau neno lake la siri.

Mama alinipigia, akasikia sauti yangu imepooza, akauliza nani anaumwa. Nikamwambia kijana mmoja, goti. Akamwombea dua ndefu. Sikumkatiza. Labda ndiye mtu pekee aliyemsikitikia yule kijana kwa ajili ya goti lake mwenyewe.

Kipa wangu wa zamani alikuwa akimpa mtani pointi kila wiki, naye kila wiki alinishukuru mbele ya watu. Hilo nililivumilia. Kilichonisumbua ni ile sauti. "Haya, chukua." Nilianza kuisikia jioni tukigawana mauzo, laini vilevile, na mkono wangu ukaanza kuhesabu mgao mara mbili bila kuniuliza. Hesabu ilikuwa sawa. Kesho yake nikahesabu tena.

"Umeshaanza matonge," akasema mtani, akicheka.

Mwisho wa mwezi tulikwenda Nzuguni. Tulimwamkia mama mwenye fremu, akatupa viti, akaweka mkataba mezani. Mtani alisaini kwanza, akanisukumia kalamu.

"Saini, mtani, kabla hujahesabu matofali."

Nikamgeukia mama. "Utusamehe, mama. Mimi sitaingia."

Mtani alicheka, akampigia mama jicho. "Msamehe, hawa watu wa Kondoa bila kupunguziwa kitu hawalali."

"Sipunguziwi. Sitaki."

"Acha utani bwana, mama ana kazi zake."

"Siyo utani," nilisema.

Aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu anayesubiri sehemu ya kuchekesha ifike. Halafu akatazama jina lake pale juu ya karatasi, peke yake. Mama akachukua funguo zake mezani taratibu, akasema tukielewana turudi. Hatukurudi.

Sasa kila mmoja ana meza yake, zinatazamana, jua ni lilelile. Wanasema mshambuliaji ataanza kucheza msimu ujao. Mtani hupita mbele yangu kila asubuhi akienda kunywa kahawa, anasimama kidogo.

"Habari za asubuhi," ananiambia. "Nyumbani hawajambo?"

Namjibu hawajambo. Habari za matonge hazitaji tena, na mlenda sina wa kumuuliza.