Sukari Ilikuwa Ndani ya Achari Yangu, Nikamfukuza Mke wa Mwanangu

Mimi ni mzee wa Butembo, na sitamsingizia shetani. Nilimfukuza mke wa mwanangu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Tangu nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari, niliacha chai tamu, uji mtamu, fanta na mandazi. Msikitini niliwahubiria wenzangu habari za afya kuliko imamu. Sukari ya nyumbani niliifungia ndani ya valizi yangu ya nguo, na nyumba nzima ikanywa chai bila sukari kwa ajili yangu.

Nilibaki na achari. Kwetu wali hauliwi bila achari: kabichi, karoti na pilipili ndani ya siki. Nilikuwa ninaagiza kwa mama mmoja wa sokoni, ninakula bakuli zima, kisha ninakunywa maji yake.

Mke wa mwanangu akaniambia kwa upole, "Papa, munisamehe. Mu ile achari muko sukari. Nilionja."

Nikacheka. "Binti, kitu chenye kukamata meno namna hii, sukari itapitia wapi?"

Akaondoa sahani.

Kipimo changu cha sukari kikazidi kupanda. Macho yangu yakaanza kuona ukungu. Nikajiuliza ni nani anayeshika sufuria yangu, nikapata jibu upesi. Niliita kikao cha familia, nikasema mbele ya mwanangu kwamba mke wake ananunua sukari kwa siri na kunitilia, ili nife wabaki na nyumba.

Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Alimfunga mjukuu wangu mgongoni, akarudi kwao Beni. Siku chache baadaye mwanangu akamfuata.

Nikaanza kujipikia. Kipimo hakikushuka.

"Papa, sasa nani anakupikia?" akauliza muuguzi anayenipima, ambaye nilikuwa nimemlalamikia juu ya mke wa mwanangu.

"Mimi mwenyewe."

"Donc, kumbe ni weye unajitiliaka sukari?"

Aliniuliza kila ninachokula. Nilipotaja achari, akasema kabichi iliyochachushwa kwa chumvi tu haina neno kubwa kwa sukari, lakini ile ya kununua lazima nimuulize aliyeitengeneza. Nikaenda sokoni.

"Sukari? Natia mingi, Papa," mama yule akasema. "Bila sukari siki inachoma, bakiliya, wenye kununua, habarudi. Si weye ulinisifu?"

Nilipeleka mbuzi Beni. Baba wa mke wa mwanangu alinipokea vizuri. Nikaomba msamaha mbele ya watu, kama nilivyomshtaki mbele ya watu. Mke wa mwanangu mwenyewe alinisalimia kwa magoti.

"Papa, nimekusamehe," akasema. "Lakini kurudi, hapana. Siku kipimo kitapanda tena, mimi ndiye nitakuwa karibu, na mimi ndiye nitashtakiwa."

Nikarudi Butembo peke yangu.

Wenzangu mnaoacha sukari, msiuamini ulimi wenu. Siki inaficha mengi. Muulizeni aliyetia mkono ndani ya ndoo ya achari ametia nini, na muulize kabla ya kuita kikao. Mimi kipimo changu sasa ni kizuri. Mjukuu wangu ameanza kutembea huko Beni, nimeambiwa kwa simu.