Chakula cha Mchana Tumboni mwa Tembo

Jamani, mkinicheka mnicheke polepole, maana aibu hii hata mama yangu kule Tabora sijamsimulia, yeye anajua tu mwanawe "anafanya kazi na tembo" Dubai na anaringia majirani.

Tembo wenyewe wa mpira. Nilikuwa msafishaji kwenye safari ya mbugani ya bustani moja ya michezo, wageni wanapanda kigari kinachotembea juu ya reli ndani ya jengo, nje joto la kukaanga mayai, ndani "Afrika" yenye kiyoyozi. Sisi wa nyuma ya pazia tunajua siri zote: harufu ya mvua inatoka kwenye kopo, simba anachanwa manyoya kila asubuhi (na mimi), pundamilia wana ubavu mmoja tu, ule unaoonekana, upande wa pili ni mbao na nyaya. Ndoto yangu ilikuwa niwe kiongozi wa wageni, yule wa kipaza sauti, na siku hiyo baada ya chakula sir, meneja wetu, alipanga kunijaribu. Nikakabidhiwa shati la kaki lililopigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

Sasa chumba cha kulia kiko ng'ambo ya uwanja, juani. Nikawaza, nikivuka na shati hili nitafika limelowa chepechepe, na safari imesimamishwa fundi anamtengeneza pundamilia, kwa nini nisile ndani ya tembo? (Tumboni mwa tembo hupulizwa hewa baridi ya kupoza mota, hakuna mahali patamu kama pale Dubai nzima, msimwambie mtu.) Mlango wa fundi uko nyuma, chini ya mkia, una zipu. Nikaingia na chapati zangu na maharage, nikajifungia.

Sijamaliza chapati ya kwanza nikasikia ngoma zinaanza. Pundamilia kapona! Kigari hicho kinakuja, kikasimama ubavuni mwa tembo kama kawaida yake, nikabana pumzi. Kupitia tundu la skrubu nikamwona bibi mmoja wa Kizanzibari, wale wakazi wa Dubai wa siku nyingi, kampakata mjukuu wake anayelia kwa woga.

"Usiogope, Salma," bibi akambembeleza. "Kwa watu haingiwi kimya kimya. Sisi tunabisha hodi, wenyewe watuitikie. Hodiii! Hodi wenyewe!"

Jamani, mimi nimelelewa. "Karibuuu!" nikaitikia, mdomo umejaa chapati.

Kigari kizima wakageuza shingo. Mtoto akaacha kulia.

"Tushakaribia," bibi akasema, macho yamemtoka.

Ningenyamaza hapo yangeisha. Lakini mtu mzima yule, na sijamwamkia! "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti nzito, unaumwa?"

"Hapana bibi, nakula. Karibu chakula."

Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko nikasikia kutoka siti ya nyuma sauti ninayoijua, kwa Kiingereza: "Nani yumo ndani ya tembo wangu?" Sir! Kumbe alipanda kumkagua pundamilia.

Nikageuka nitoroke, nikakanyaga bomba la upepo linalomsimamisha tembo, likachomoka, fyuuuu, masikio yakalegea, mkonga ukaanguka, tembo akapiga magoti taratibu kama ngamia, zipu ikapasuka, nami nikatoka kinyumenyume, makalio yakitangulia, chini ya mkia, mbele ya kadamnasi, shati la kaki limechorwa maharage.

Salma akalia upya. "Tembo kafa!"

Sheria ya kwanza ya kazi yetu: mgeni haambiwi kamwe kwamba ni mashine. Sir ananitazama. Lakini mtoto alivyolia moyo uliniuma, nikasema la kwanza lililonijia. "Hajafa, Salma. Kajifungua."

Akanikagua toka juu hadi chini. "Kakuzaa wewe?"

"Mimi hapa."

"Mbona una maharage?"

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukingo wa mtandio, Salma naye akacheka. Sir akauliza nimesema nini, bibi akamweleza kwa Kiarabu, nikamwona sir anageukia ukutani, mabega yanatikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa wa chuma. "Vua shati," akasema. "Utajaribiwa mwezi ujao, inshallah." (Na inshallah ya meneja mnaijua wenyewe.)

Mchana ule nilishinda namshona tembo chini ya mkia, fundi ananiambia, "Mtoto, mshike mama vizuri." Tangu hapo nakula huko huko ng'ambo ya uwanja, shati lilowe, litoe chumvi, na mtu akinikuta tena tumboni mwa mnyama yeyote, wa mpira au wa nyama, basi ajue nimemezwa.