Shingo ya Gitaa la Mjomba Musafiri

Jirani yangu ni seremala. Kila anapobandua maungio ya zamani kwa maji ya moto, harufu chachu ya gundi huvuka ua na kunirudisha Kasongo, nyuma ya nyumba yetu, nikiwa na miaka kumi, nimeshika shingo ya gitaa kwa mikono miwili na kuambiwa nisipumue.

Gitaa lilikuwa la Mjomba Musafiri, kaka yake mama. Alikuwa amerudi kutoka Salamabila amebebwa kwa pikipiki, baada ya jiwe kumwangukia ndani ya shimo la dhahabu na kuuponda mkono wake wa kushoto. Kidonda kilipona, na vidole vyote vitano vilibaki, ila vilikuwa kama vimelala. Kabla ya kwenda machimboni alikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu, na bado watu walimuuliza njiani atarudi Jumapili gani. Gitaa lake la zamani lilipotelea hukohuko. Akaamua kujitengenezea jingine.

Sanduku alilijenga kwa triplexi, zile mbao nyembamba zilizobandikwa kwa tabaka, shingo kwa mvule, na nyuzi tulizichambua kutoka kwenye waya wa breki ya pikipiki. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi. Magoti yake na mikono yangu vilishika. "Muti hauna haraka," alipenda kusema, "mwenye haraka ni mutu." Lakini siku ya kubandika shingo ni yeye aliyefanya haraka. Gundi ilipokauka na nyuzi kukazwa, tuliona shingo imeinama mbele na nyuzi zimesimama juu. Kidole changu kizima kilipita chini ya nyuzi. Hata mwanamume mwenye vidole vya chuma asingeweza kuzifinya.

"Nimekosea," alisema, na akacheka. "Tutaibandua."

Tulichemsha maji, tukazungushia maungio vitambaa vya moto, akapenyeza kisu polepole mpaka gundi ikalegea. Akapunguza mbao upande wa chini wa kisigino cha shingo, pale inapoungana na sanduku, ili ilale nyuma kidogo, akapaka gundi upya, nami nikashika mpaka mabega yakawaka moto. Tukangoja siku mbili.

Alikaza nyuzi, akajaribu kuzifinya kwa vidole vyake vya kushoto, akatikisa kichwa. "Bado iko juu."

Akaenda kukaa jikoni na mama. Mimi nikabaki na gitaa. Nikafinya uzi mmoja kwa kidole changu kidogo, nikaupiga kwa kidole gumba. Ukalia, safi kabisa, hata kuku wakainua vichwa. Nikakimbia jikoni.

"Mjomba! Shingo iko sawa! Nimefinya mimi mwenyewe, imelia!"

"Na kidole gani?"

Nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda mrefu. "Ni muzuri, mama," alisema, kwa maana ndivyo alivyozoea kuniita. Mama yangu akanituma maji, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Kesho yake asubuhi mjomba aliweka tena maji motoni.

"Kaka yangu, uiache," mama alimwambia.

"Iko juu, nakuambia."

Nilishika kama nilivyofundishwa. Nilitaka kusema kwamba haiko juu, lakini mtoto hambishii mjomba wake, na nilikuwa nimeshasema. Safari hii kisu kiliteleza. Kisigino kikapasuka, na triplexi iliyokwisha kulowa mara mbili ikaachana tabaka kwa tabaka. Nilidhani atanigombeza, kwani mikono iliyoshika ilikuwa yangu. Hakunigombeza. Alifuta kisu kwenye suruali, akanishukuru kwa kazi, akaingia ndani kulala, jua likiwa bado halijafika utosini.

Hakutengeneza gitaa jingine. Kanisani alianza kukaa viti vya nyuma.

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kisa hiki kama kisa cha mtu mbishi aliyeharibu gitaa zuri kwa mikono yake, na watu walicheka, nami nilicheka. Nilikuwa nimeshazaa ndipo nilipoacha kukisimulia hivyo. Shingo ilipokuwa na kosa, mjomba alikuwa na kitu cha kutengeneza. Mimi ndiye niliyekwenda mbio, nimeinua kidole, kumpelekea habari kwamba kosa limekwisha.